Mlango Usifungwe Septemba

Kiswahili kimeyapa majira majina yenye kazi ndani yake. Masika ni ya kupanda, vuli ni ya mvua za pili, kipupwe ni ya kutafuta shuka usiku, kaskazi na kusi ni pepo za kwendea na kurudia. Wazee wa pwani waliuhesabu mwaka kwa miongo, siku kumi kumi tangu Siku ya Mwaka, ili mkulima ajue lini aingie shambani na nahodha ajue lini akipandishe chombo mchangani akikarabati. Lakini yako majira ambayo ikweta haiyajui: Septemba hadi Novemba katika nchi za kaskazini, wakati majani yanapogeuka rangi, yakapukutika, na baridi ikaanza kupiga hodi. Wengine huyaita vuli kwa kuwa miezi inakaribiana, wengine huyaita mapukutiko. Mzungumzaji wa Kiswahili anayehamia huko hupewa neno la kuazima, na mara nyingi hupewa ushauri mmoja na jamaa waliomtangulia: nunua koti, funga madirisha, kaa ndani mpaka Aprili. Ushauri huo hutolewa kwa mapenzi. Naamini ndio unaowaumiza wengi.

Nchi ninayotaka kuitumia kama mfano ni Ufini. Huko baridi si jambo la kubahatisha, na tena miongoni mwa wakimbizi ambao Ufini imewapokea kwa mpango wa mgawo katika miaka ya karibuni, Wakongo wamekuwa kundi kubwa, wengi wao wakiwa na Kiswahili midomoni. Majira ya baridi ya Ufini ni marefu hata kwa wenyeji. Anayejifungia ndani mara tu upepo wa Septemba unapomgusa shingoni anajiongezea miezi miwili ya baridi ambayo kalenda haikumpangia. Zaidi ya hapo, anaipoteza ile miezi miwili ambayo mwili, macho na nyumba vingeitumia kujizoeza. Mapukutiko, kwa maneno mengine, ni wakati wa mazoezi, na mazoezi yenyewe hufanyika nje.

Tuanze na mwanga, kwa sababu huo ndio unaowashangaza wageni kuliko baridi yenyewe. Dar es Salaam, tofauti kati ya siku ndefu kuliko zote na siku fupi kuliko zote haifiki saa moja kwa mwaka mzima. Helsinki, mwishoni mwa Septemba, mchana hupungua kwa zaidi ya dakika tano kila siku. Kiasi cha mwanga ambacho Dar es Salaam hukipoteza kwa nusu mwaka, Helsinki hukipoteza kwa muda usiofika wiki mbili. Kufikia Disemba jua huchomoza kama saa tatu na nusu asubuhi na kutua kama saa tisa na robo alasiri. Hesabu yetu ya saa, inayoanza kuhesabiwa pale jua linapochomoza, imejengwa juu ya imani kwamba jua halichelewi kazini. Mtu aliyekulia ndani ya hesabu hiyo hupatwa na mshtuko ambao wenyeji hawauelewi kwa urahisi: saa inasema asubuhi, dirisha linasema usiku. Kaskazini kabisa, Utsjoki, jua hutua mwishoni mwa Novemba na halionekani tena mpaka katikati ya Januari. Wafini wana neno la kipindi hicho, kaamos, na wanalitamka bila hofu, kama sisi tunavyosema masika.

Mwanga una kazi kubwa kuliko kutuonyesha njia. Mwaka 2002 watafiti walithibitisha kwamba ndani ya jicho zimo seli ambazo hazishughuliki sana na kuona picha; kazi yake kuu ni kupima wingi wa mwanga na kuupelekea ubongo habari, ili saa ya mwili ijue lini iamshe na lini ilaze. Kwa seli hizo taa ya sebuleni ni hafifu mno mbele ya mwanga wa mchana. Chumba cha kawaida cha kuishi huwa na mwanga wa luksi 100 hadi 300 hivi, na ofisi yenye taa nzuri huwa na kama 500. Nje, hata siku ya mawingu mazito, mwanga mara nyingi huvuka luksi 1,000, na siku ya mawingu mepesi hufika elfu kadhaa. Jicho hujirekebisha haraka kiasi kwamba hatuitambui tofauti hiyo, ndiyo maana mtu hutazama nje dirishani, akaona kijivu, akasema hakuna kitu huko. Kipo. Sonona ya majira ya giza ilielezwa rasmi kitabibu mwaka 1984 na kundi la Norman Rosenthal huko Marekani, na tiba yake maarufu ni taa kali ya luksi 10,000. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 1996 na Anna Wirz-Justice na wenzake wa Basel, Uswisi, ulionyesha kwamba wagonjwa waliotembea nje saa moja kila asubuhi kwa wiki moja walipata nafuu kubwa kuliko waliokaa mbele ya taa hafifu. Mwendo wa miguu chini ya anga la kijivu ulihesabika kuwa dawa.

Baridi nayo ina hesabu yake. Wengi wetu huamini kwamba mwili wa mtu wa nchi za joto umeumbwa vingine na hauwezi kuzoea. Mwaka 2013 watafiti wa Maastricht, Uholanzi, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo watu 17 wenye afya walikaa katika chumba cha nyuzijoto 15 hadi 16 kwa saa sita kila siku, siku kumi mfululizo. Mwishoni walitetemeka kidogo kuliko siku ya kwanza, baridi haikuwakera kama mwanzo, na mafuta ya kahawia mwilini, yale ambayo kazi yake ni kuchoma nishati ili kutoa joto, yalikuwa yanafanya kazi zaidi. Nyuzijoto 15 si barafu; ni mchana wa kawaida wa Septemba kusini mwa Ufini. Ni kweli jaribio hilo halikuchagua watu kutoka Bukavu au Kigoma, na miili hutofautiana. Hata hivyo linatuonyesha kwamba kuzoea ni mchakato, una muda wake, na huanzia kwenye ubaridi mpole. Anayengoja mpaka nyuzi 15 chini ya sifuri ndipo atoke kwa mara ya kwanza amejinyima ngazi zote za chini na kutaka kuruka hadi darini.

Kama mwanga na baridi ni sababu za afya, msitu ni sababu ya furaha, na hapa ningependa msomaji akae kidogo. Karibu robo tatu ya ardhi ya Ufini ni msitu. Mapema Septemba, kule Lapland, kaskazini mwa nchi, huanza kile wanachokiita ruska: miti ya betula hugeuka dhahabu, vichaka vya chini hugeuka wekundu wa damu ya mzee, na rangi hiyo huteremka kusini wiki baada ya wiki mpaka Oktoba. Mgeni huona majani yanakufa. Ukweli ni kwamba mti uko kazini. Unavunjavunja ukijani wa majani na kurudisha naitrojeni na madini kwenye matawi na mizizi, kama mwenye duka anayehamisha bidhaa ghalani kabla ya mafuriko. Umanjano uliokuwa umefichwa na ukijani ndipo unapoonekana, na wekundu hutengenezwa upya na mimea yenyewe. Kisha mti hujenga utando mwembamba kwenye shina la kila jani, jani likaachia bila kuacha kidonda. Kwetu mbuyu hufanya hivyohivyo kiangazi, ukabaki na matawi matupu yanayoelekea juu, na hakuna anayeulilia kwa sababu tunajua unachongojea. Anayetazama ruska kwa jicho hilohilo hawezi tena kuyaita mapukutiko majira ya kifo.

Msitu huo, tena, uko wazi. Ufini, kama Norwei na Uswidi, ina haki ya kila mtu, ambayo kwa Kifini huitwa jokamiehenoikeus: yeyote, raia au mgeni, anaweza kutembea msituni, kupiga hema kwa muda mfupi, kuchuma matunda pori na uyoga, bila kuuliza ardhi ni ya nani, mradi asisogelee nyumba za watu, asiharibu, asikate matawi, wala asiwashe moto bila ruhusa ya mwenye ardhi. Sijui zawadi nyingine inayotolewa kwa mgeni siku anayoshuka kwenye ndege ambayo thamani yake ni kubwa na masharti yake ni machache hivi. Mwisho wa Agosti na Septemba huiva puolukka, tunda dogo jekundu lenye uchachu, ambalo lina asidi ya kulihifadhi lenyewe kiasi kwamba Wafini wa zamani waliliweka kwenye maji tu, bila sukari, likadumu. Karpalo, tunda la kwenye mabwawa, huchumwa mpaka Oktoba. Fedha anazopata mchumaji kwa kuuza matunda pori aliyochuma mwenyewe kwa kawaida hazitozwi kodi ya mapato. Na bado sehemu kubwa ya matunda hayo huozea msituni kila mwaka.

Uyoga unahitaji aya yake. Mtu wa Lubumbashi, Tabora au Songea si mgeni kwa jambo hili. Misitu ya miombo hutoa uyoga mtamu mvua zinapoanza, ukiwemo ule wa manjano wa jamii ileile ya kantarelli ambayo Wafini huitafuta kwa shauku. Maarifa ya mama zetu ya kuokota, kunusa na kukausha ni maarifa ya kweli na yanastahili heshima. Lakini hayavuki bahari salama. Katika misitu ya Ufini huota uyoga mweupe mzuri wa kutazama, valkokärpässieni, unaoua ini kimyakimya; maumivu huanza saa nyingi baada ya kula, wakati sumu imeshaingia. Wahamiaji katika nchi mbalimbali wamekufa kwa sababu uyoga wa ugenini ulifanana na wa nyumbani. Kwa hiyo kanuni haina huruma: uyoga ambao mtu anayeujua wa pale pale hajauthibitisha haufiki sufuriani. Vyama vya uyoga na vituo vya elimu ya watu wazima huendesha matembezi ya kufundisha, na kwa mgeni huo ni mlango mara mbili, kwani hujifunza uyoga na kupata watu wa kuzungumza nao. Mfini ambaye kwenye lifti hasemi neno, msituni akiwa na kikapu huwa mwalimu.

Maisha ya kila siku nayo hubadilika. Wakazi wa majengo ya ghorofa huitana siku moja ya mapukutiko kufagia majani uani, kufunika maua na kuingiza viti vya nje, kisha hunywa kahawa na kuchoma soseji pamoja. Wanaliita talkoot. Mtanzania ataona msaragambo, Mnyarwanda ataona umuganda, Mkongo ataona salongo, ingawa hapa hakuna serikali inayolazimisha. Mashua hutolewa ziwani. Magari hubadilishwa matairi, maana sheria inataka matairi ya baridi kati ya Novemba na Machi hali ya hewa au barabara inapodai. Na kila mtu hutoa kabatini kitu kidogo chenye thamani kubwa, heijastin, kipande cha plastiki kinachorudisha mwanga, kinachoning'inizwa kwenye koti. Bila hicho, dereva mwenye taa za chini humwona mtembea kwa miguu akiwa amebakiza kama mita 50. Akiwa nacho humwona tangu mita 150. Kwa mtu mwenye koti jeusi katika usiku wa Novemba usio na theluji, tofauti hiyo ni uhai. Msomaji mwenye ndugu Turku au Tampere asimuulize tu kama amenunua koti. Amuulize kama ana heijastin.

Mzazi atapinga hapa, na pingamizi lake nimelisikia katika vinywa vya wengi: mtoto akipigwa baridi ataugua. Katika shule za chekechea za Ufini watoto hutolewa nje karibu kila siku, mvua inyeshe isinyeshe, wakiwa ndani ya mavazi ya mpira ya matope, na watoto wachanga hulazwa usingizi wa mchana nje ndani ya vigari. Kwa mama aliyelelewa na bibi aliyeogopa upepo wa alfajiri, hii yaonekana kama ukatili. Lakini mafua huletwa na virusi, na virusi hupenda chumba kilichofungwa chenye watu wengi wanaopumuliana. Bibi hakukosea kuhusu unyevu: mtoto aliyelowa na kuachwa amelowa yuko hatarini kweli. Anachohitaji ni nguo kavu na kikomo cha muda. Hahitaji kufungiwa. Jambo jingine la kweli ni kwamba kutoka nje hakutoi kila kitu. Kuanzia Oktoba hadi Machi jua la Ufini liko chini mno kuiwezesha ngozi kutengeneza vitamini D, na ngozi nyeusi ndiyo inayohitaji jua zaidi. Kwa hiyo vidonge na maziwa yaliyoongezwa vitamini hiyo vina nafasi yake, na matembezi hayaondoi haja hiyo.

Wapo watakaosema kwamba haya ni maneno ya wenye nafasi. Watu wa kaskazini hupenda kusema kwamba hakuna hali mbaya ya hewa, kuna mavazi mabaya tu, na msemo huo hunikera kidogo, maana mavazi mazuri yana bei. Hata hivyo bei hiyo si ile ya madirishani. Ufini imejaa maduka ya mitumba, na hakuna jamii duniani inayoweza kutufundisha sisi kuchagua mtumba. Kinachotakiwa kujulikana ni mpangilio: sufu au nguo ya michezo karibu na ngozi, kitu cha kushika joto katikati, kitu cha kuzuia upepo na maji juu. Pamba karibu na ngozi hunyonya jasho na kuligeuza barafu. Viatu vizidi kidogo ili soksi nene iingie na hewa ibaki. Koti moja la bei kubwa lililovaliwa juu ya fulana ya pamba hushindwa na nguo tatu za mitumba zilizopangwa vizuri. Na Septemba ndiyo wakati wa kujifunza hilo, maana ukikosea utarudi nyumbani umepata baridi kidogo tu. Kosa lilelile Januari ni vidole.

Pingamizi la zamu za kazi ni gumu zaidi. Wengi wa ndugu zetu huko hufagia maofisi, huhudumia wazee, huendesha mabasi. Hutoka gizani na kurudi gizani, na saa moja ya matembezi ya asubuhi kwao ni ndoto. Sitadai kwamba kila mtu anaweza. Naweza kusema kwamba mapumziko ya chakula yanayoangukia mchana ni mali, na kuyatumia nje, hata robo saa, ni kuchota luksi ambazo chumba cha wafanyakazi hakina. Kwamba kushuka basi kituo kimoja kabla ya nyumbani huongeza mwendo bila kuiba muda mwingi. Na kwamba siku ya mapumziko isiliwe yote na usingizi na simu. Aliyekwisha kuzama katika huzuni isiyoondoka, hali chakula, halali, huyo aende kwa daktari. Kumwambia akatembee tu ni kumdharau.

Limebaki lile ambalo watu hawalisemi hadharani. Kwa mtu aliyekimbia vita mashariki mwa Congo, msitu si mahali pa kupumzikia. Ni mahali alikojificha, au ambako watu wake hawakurudi. Kumpeleka kwenye msitu wa Nuuksio karibu na Helsinki akasikilize ukimya kunaweza kuwa mateso, na hakuna utafiti unaoweza kumwamuru. Hapa hoja yangu inapaswa kunyenyekea. Nje si lazima iwe msitu. Inaweza kuwa njia ya kando ya ziwa yenye watu na mbwa wao, soko la wazi, uwanja wa mpira, bustani ya mgao ambako mtu huvuna kabichi na viazi vya mwisho. Wengine, wakianzia huko na wakiwa pamoja na wenzao, huweza siku moja kuurudia msitu kwa hiari yao. Wengine hawatataka, na ni haki yao.

Kuna pia swali la mtazamo. Kari Leibowitz, mwanasaikolojia wa Marekani aliyekwenda Tromsø, Norwei, ambako jua halichomozi kwa karibu miezi miwili, pamoja na Joar Vittersø walichapisha mwaka 2020 utafiti wa Wanorwei 238. Walikuta kwamba kadiri mtu alivyoishi kaskazini zaidi, ndivyo alivyoyatazama majira ya baridi kwa wema zaidi, na mtazamo huo uliambatana na kuridhika na maisha. Mpingaji atasema mambo mawili kuambatana hayathibitishi kwamba moja limezaa jingine. Huenda wanaoichukia baridi walishahama. Ni sawa kabisa. Lakini mtazamo hauji kwa kujiambia maneno matamu mbele ya kioo. Huja kwa kufanya: kwa kikapu cha puolukka kilichomo kwenye friza, kwa jirani mliyefagia naye majani, kwa kujua ni kiatu gani kinavuja.

Wafini wenyewe hawajidanganyi. Oktoba wanaiita lokakuu, mwezi wa matope, na Novemba marraskuu, jina lenye harufu ya mauti. Novemba ndiyo mbaya kuliko zote: majani yameisha, theluji bado, barabara nyeusi inameza taa, mvua haijui kama inyeshe au igande. Ndipo zile njia za mazoezi ambazo halmashauri nyingi zimezikata kwenye misitu ya mijini, zenye nguzo za taa kila hatua kadhaa, zinapojaa watu wa jioni: wazee na fimbo zao, akina mama na vigari, vijana wanaokimbia. Chini kuna maganda ya mbao yaliyolowa, juu taa za manjano. Kisha usiku mmoja theluji huanguka, mwanga wa taa zilezile huongezeka kwa kupigwa na weupe, na asubuhi mashine ya halmashauri hupita kuchora mifereji miwili ya kutelezea kwa ski. Njia ni ileile, na wanaoipita ni wale waliokuwapo Oktoba.